Kumwonyesha Masanja Njia ya Kurudi

Tuliondoka Shinyanga kwa sababu mama yangu alikataa kumwita kaka yangu marehemu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Kaka yangu Masanja alikuwa akichimba dhahabu na mwenzake katika kilima kimoja nje ya Geita, shimo wakilichimba wenyewe kwa sururu na karai. Shimo likaanguka. Mwenzake akatolewa hai, yeye akabaki chini. Maiti haikupatikana, na kaburi halikuwapo. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa Mwislamu wa Tabora, basi tulisoma khitma nyumbani kwangu mjini. Watu wakaja, wakala, wakatupa pole. Ndugu za mama, Wasukuma wa huko mashambani, nao walimwaga maji ya unga wa mtama mbele ya kijumba cha masamva, yaani wazee wao waliotangulia, wakamtaja Masanja kwa jina. Kila upande ulifanya la kwake, ukaridhika.

Mama ndiye hakuridhika. Ukimwekea chakula atakishika, halafu atauliza, "Masanja atakuwa wapi saa hizi?"

Nilimpeleka kwa maalim wetu. Maalim alimsikiliza kwa upole, akamweleza kwamba roho ya muumini iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, haipotei wala haihitaji kuongozwa.

"Nimesikia, maalim," mama alijibu. "Wewe unamjua Mungu, na mimi namjua Masanja. Mtoto huyu nikimtuma dukani alikuwa anapotea. Alikwenda Geita kwa kufuata wenzake, kwenye giza la lori lililofunikwa turubai. Sasa atarudije peke yake?"

Maalim alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema kuzuru mahali alipolala mtu na kumwombea dua ni jambo jema, twende tu.

Mume wangu Seif, aliyekuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli, hakupinga safari, ila alikuwa na maneno yake. "Zaituni," aliniambia tukifunga mizigo, "unajua haya mambo ya roho yalianzaje? Watu waliogopa kufa. Basi mmoja akasema, jamani, hatufi, tunahama. Wote wakampigia makofi. Ndiyo hivyo tu." Alisema bila ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa haswali ila Idi, na kwenye mazishi alikuwa wa kwanza kushika jembe.

Asubuhi mama na mimi tulipanda gari moshi la kwenda Tabora, daraja la tatu, tukateremka Isaka. Wakati ule Isaka ilikuwa stesheni ndogo, vibanda vichache na vumbi jingi, lakini malori ya kwenda magharibi yalipakia hapo. Mama hakuangalia watu wala bidhaa. Aliangalia njia. Tulipotoka stesheni aligeuka nyuma, akatazama tulikotoka, akanionyesha tangi la maji la reli.

"Tangi," alisema. "Likumbuke, Kabula." Kabula ni jina langu la upande wake. Zaituni ni la baba.

Nikaelewa. Kumbe alikuwa akikusanya alama za kumrudishia mtu.

Lori tulilopata lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kahama, limebeba chumvi, majembe na majora ya kitambaa cha marekani. Dereva aliitwa Athumani, Mnyamwezi mnene mwenye kofia ya kufuma, na alitupa nafasi juu ya magunia ya chumvi, akina mama mbele, wanaume nyuma. Jirani yetu juu ya magunia alikuwa mchuuzi aitwaye Luhende, mtu wa maneno mengi, anayelima pamba msimu mmoja na kuuza chumvi msimu mwingine. Aliuliza tunakwenda wapi. Mama akamwambia bila kuficha, kama anayesema anakwenda kisimani: "Nakwenda kumchukua mwanangu aliyekufa Geita. Hajui njia."

Nilitamani kujificha chini ya turubai. Watu wa mjini hawasemi mambo hayo mbele ya wageni. Lakini Luhende hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Vizuri, Mama Masanja. Mimi kwetu sisi ni Wakristo, padri hataki mambo ya masamva. Lakini kuna kitu nakifikiria siku zote nikiwa shambani. Mkulima wa Shinyanga anapanda pamba, halafu anafanya nini? Anaangalia juu. Leo juu, kesho juu. Mwezi mzima shingo iko juu. Sasa ukiangalia mahali kila siku kwa moyo wote, utaacha kuamini kuna mtu pale? Mimi nadhani watu walimjua Mungu kwa kusubiri mvua."

"Na huko kwenye mvua nyingi je?" Athumani aliuliza kutoka dirishani. "Huko hawamjui?"

"Huko wanamwomba aifunge!"

Lori zima likacheka, na mama naye akacheka. Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Baada ya Kahama, barabara iliingia porini. Miombo pande zote, mchanga mwekundu, nyani wakikaa njiani kama wenye mji. Hapo pana kizuizi cha mbung'o. Bwana mmoja mwenye wavu na kaptula ya kaki alizunguka lori akipiga turubai, akichungulia chini ya magurudumu, asije mbung'o mmoja akasafiri nasi mpaka kwenye ng'ombe za watu. Mama akaniminya mkono. "Kizuizi cha mbung'o," alinong'ona. Nikakihifadhi na hicho, baada ya tangi la Isaka, na mbele yake tukaongeza mto wenye daraja la magogo, kisha njia panda yenye mti uliopigwa na radi.

Tulilala pande za Bulyanhulu, kwenye kijiji cha Wasumbwa, nyumbani kwa jamaa wa Athumani, tukala ugali wa muhogo na uyoga wa porini ambao mpaka leo sijapata mfano wake. Kesho yake jioni tukaingia Geita.

Nilikuwa nimetazamia mji wa dhahabu uwe na kitu cha kung'aa. Nilikuta milima ya kijani, nyumba za udongo na bati, na wanaume kutoka kila pembe ya nchi, Wahaya, Waha, Wangoni, Wanyiramba, wakisemezana Kiswahili cha kila namna. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Veronika, Mzinza aliyekuwa akiwapikia wachimbaji wadogo, na Masanja alikuwa akila kwake. Nilipomwamkia alinishika mabega akanitazama usoni.

"Una pua yake," alisema. Kisha akampigia mama magoti, akalia kidogo, akanyamaza, akaenda kuinjika chungu. Tulipokuwa tukila niliona kitu. Kwenye mkeka aliweka sahani moja zaidi, tupu, upande wa mlangoni. Aliona naitazama. Alijieleza mwenyewe.

"Alikuwa anakaa pale. Nilijaribu kuacha kuiweka, mkono ukakataa. Usidhani ni uchawi, mwanangu, mimi ninabatizwa Pasaka. Ni mkono tu."

Neno hilo lilinikaa. Nikamkumbuka Seif na hoja yake ya woga. Mwanamke huyu alikuwa anaogopa nini? Hakuwa akifikiria kufa kwake. Mkono wake ulikuwa umemzoea mtu.

Asubuhi nilitaka twende shimoni moja kwa moja. Mama akakataa. "Siwezi kumwita mtu kabla sijazungumza na aliyemwona wa mwisho." Mwenzake Masanja, aliyetolewa hai, aliitwa Petro. Mama Veronika alitwambia kwamba tangu siku ile Petro ameapa hatakanyaga tena Geita. Amekwenda Nkome, ziwani, anakausha samaki.

Kwa bahati lori la kufuata samaki lilikuwa linaondoka. Tulifika Nkome jua likiwa kali, ziwa limetanda jeupe mpaka macho yakauma. Furu, visamaki vidogo vya ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye nyasi, wanawake wakifukuza ndege kwa vijiti. Petro tulimkuta akipanga kuni kwenye tanuri la moshi. Alikuwa mtu mrefu, Mhaya, mkono mmoja umepinda kidogo. Mama alipojitaja, kuni zilimdondoka.

"Mama," alisema. "Nilijua mtakuja. Sikujua mtakuja kunilaumu au kunipa pole."

"Sijaja kulaumu. Shika mkono wangu. Nieleze."

Akatukalisha kivulini kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, akatueleza. Walikuwa chini pamoja. Udongo ulishuka bila kishindo kikubwa, kama mtu aliyeshusha pumzi. Akajikuta gizani, mkono umebanwa, hajui juu wala chini. Akamsikia Masanja. Masanja alizungumza naye muda wote huo, sauti iko karibu, kama begani. Kila Petro alipotaka kusinzia, Masanja alimwita. Walipomtoa aliwaambia, "Chimbeni hapa kando yangu, Masanja yuko hapa." Wakachimba. Pale kando palikuwa na mwamba mtupu. Masanja alikuwa upande wa pili, chini kabisa, mahali ambapo jabali lote liliangukia. Wazee wa kazi ile walisema mtu wa upande ule hakuwahi hata kupiga kelele.

"Basi alikuwa amekwisha kufa?" niliuliza.

"Dada, mimi sijui. Daktari aliniambia ni kichwa changu, kilikosa hewa. Labda. Lakini kichwa changu mimi nakijua. Kingeogopa tu. Kisingeweza kunitania."

Mama alisogea mbele. "Alikuwa anasemaje?"

Petro alisita, kama anayeona haya. "Alikuwa ananisumbua tu, Mama. Ananiuliza, 'Petro, mlango uko upande gani? Upande gani tulikoingilia?' Mara mia. Mpaka nikamkasirikia. Kwa kumkasirikia sikulala. Kwa kutolala nikapona."

Mama alijipiga paja. "Ndiye! Hata huko alikuwa amepotea!" Akaangua kicheko, na ndani ya kicheko machozi, na Petro naye akaanza kucheka huku analia, na mimi nikawa wa tatu. Wanawake wa furu walisimama kututazama.

Kicheko kilipokwisha, mama alimwambia, "Petro mwanangu, twende ukanionyeshe huo mlango."

Uso wake ulibadilika. Aliutazama mkono wake, akalitazama ziwa. Alisema ameapa. Alisema hawezi hata kuvuka kizingiti cha nyumba yenye giza bila kutoa jasho. Mama hakumshurutisha. Alikaa tu, akaanza kumsaidia kupanga kuni alizoangusha, mti kwa mti. Alipomaliza Petro alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nitakuja," alisema. "Ila usiniache nyuma. Nitembee katikati yenu."

Siku iliyofuata tulipanda kilima, Petro katikati. Shimo lilikuwa limejaa maji, vyura ndani, majani yameanza kufunika ukingo. Kama hukuambiwa ungedhani ni lambo la kunyweshea mbuzi. Petro alitetemeka tangu tulipoanza kupanda, lakini alifika ukingoni, akainua ule mkono uliopinda, akaonyesha. "Tuliingilia hapa. Mlango uko huku, Masanja. Huku, upande wa jua." Alimjibu swali lake. Akapiga ishara ya msalaba, akakaa chini majanini, na kutetemeka kukaisha.

Mimi nilisoma Fatiha na Yasini kiasi nilichohifadhi. Mama alingoja nimalize, kwa adabu. Ndipo akasimama pale Petro alipoonyesha, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu aliye uani:

"Ng'wanone. Mwanangu. Nimekuja na Kabula. Inuka twende nyumbani."

Akageuka, akaanza kushuka, mkono wake wa kushoto ameuacha nyuma kidogo, kiganja wazi, kama mtu anayemshika mtoto. Masanja alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na ushei mwenye ndevu. Lakini sikuona ajabu.

Geita tuliagana na Petro. Alimpa mama mafurushi mawili ya samaki wakavu, akasema harudi Nkome mara moja, kwanza atakwenda kwao Bukoba kuwasalimu wazazi, maana tangu apone alikuwa hajathubutu kuonekana mbele ya mama yake ilhali mwenzake hakurudi kwa mama yake mwenyewe. Mama Veronika alitusindikiza mpaka kwenye lori. Athumani alikuwa tayari, na Luhende pia, chumvi imekwisha, sasa anarudi na mafungu ya tumbaku.

Mama alipanda. Luhende alitazama nafasi pembeni yake, akatutazama, akavuta mizigo yake. "Jamani, sogeeni huko," aliwaambia wengine. "Mpisheni kijana akae." Wakasogea. Alikuwapo mwalimu wa dini wa misheni mmoja, walikuwapo Waislamu wawili wa Ujiji, alikuwapo mama na kuku wake. Hakuna aliyeuliza maswali mawili. Tumebanana hivyo, na ile nafasi ya mtu mmoja ikabaki wazi juu ya tumbaku, mpaka Kahama.

Njia panda ya mti wa radi, mama alisema, "Masanja, hapa tunashika kulia." Kwenye daraja la magogo: "Mto huu, vuka." Mwanzoni nilikuwa naangalia pembeni kwa haya. Tulipokaribia kizuizi cha mbung'o, mama alikuwa amepitiwa na usingizi, kichwa begani kwangu. Lori likasimama. Bwana wa wavu akaanza kupiga turubai. Nilimtazama mama, nikaitazama ile nafasi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe:

"Kaka, tulia. Wanakagua mbung'o tu. Tukitoka hapa ni Kahama."

Nilisema kwa sauti. Yule bwana akauliza, "Unasema na nani?" Kabla sijajibu, mmoja wa wale wa Ujiji akasema, "Anasema na kaka yake. Wewe kagua."

Na kilichonipata baada ya kusema ni utulivu mkubwa sana, kifua kikawa chepesi kama umeshusha ndoo ya maji kichwani. Niliyafikiria hayo kutoka Kahama mpaka Isaka. Sijui ni nani mtu wa kwanza duniani kuamini kwamba aliyekufa yupo. Seif alisema ni mwoga, Luhende alisema ni mkulima mwenye kiu ya mvua, na sikatai, huenda wote wana sehemu yao. Lakini tangu siku ile, mtu huyo wa kwanza mimi namwona kama dada fulani njiani, ametoka kumzika mtu wake, akafika mahali pa hatari, akageuka nyuma bila kufikiri akasema, "Angalia hapo pana shimo." Akashtuka. Akajua amesema na mtu. Tena akajua kwamba hawezi kuacha. Na kama kuna mtu unayeweza kusema naye na humwoni, basi yuko mahali, na kama yuko mahali, lazima yuko Mwenye mahali hapo. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mimi niliyesoma madrasa ya Kurani basi. Imani yangu haikupungua. Nilimwona Mungu karibu zaidi, kwa kuwa ametuumba na mazoea haya ambayo hata kifo hakiyakati. Maalim nilimweleza baadaye, akasema, "Allahu aalamu," akaniomba nimsimulie tena habari za Petro.

Isaka tulipanda gari moshi. Mama aliita tangi la maji kwa jina, akakaa dirishani, na kutoka hapo hakuelekeza tena. "Reli anaijua," alisema. "Hapa hawezi kupotea hata yeye."

Tuliingia Shinyanga wakati wa magharibi, adhana ikilia. Seif alitupokea stesheni, akabeba mizigo yote peke yake, akauliza habari za njiani, mama akamjibu njema. Tulipofika nyumbani alisukuma mlango, akatupisha mama na mimi tuingie, akaweka mizigo ndani, akarudi kushika komeo. Pale akasimama. Mume wangu, aliyekuwa na hakika ya mambo yote hayo, alisimama mkono kwenye komeo, akatazama nje barabarani, halafu akamtazama mama.

"Mama," alisema taratibu, "nifunge?"

"Ngoja kidogo, baba," mama akamjibu, akiwa ameshakaa mkekani, amenyoosha miguu. "Bado anavua viatu."

Seif akangoja.